Oscar De Priest: Fundi wa Rangi Aliyekuwa Diwani wa Chicago

Mnamo mwaka wa 1915 mji wa Chicago, ulio kando ya ziwa Michigan katika nchi ya Marekani, ulikuwa na baraza la madiwani 70. Mji uligawanywa katika kata 35, na kila kata ilipeleka madiwani wawili barazani. Tangu Chicago ilipofanywa kuwa mji kwa sheria mwaka wa 1837, hakuna hata mtu Mweusi mmoja aliyepata kuketi katika baraza hilo. Mwezi wa Aprili mwaka huo wa 1915 wapigaji kura wa Kata ya Pili walimchagua Oscar De Priest, fundi wa kupaka rangi nyumba, ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani. Hivyo mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka 78 ukafunguliwa.

Maisha ya Bwana De Priest yanastahili kuelezwa kwa sababu mbili. Kwanza, yanaonyesha jinsi watu wachache, wasio na mali wala cheo, walivyoweza kupata sauti katika serikali ya mji mkubwa kwa kuhesabu kura zao moja moja. Pili, yanaonyesha kwamba mtu anayefungua mlango si lazima awe mtu asiye na kosa.

Utoto wa Hofu

Oscar Stanton De Priest alizaliwa tarehe 9 Machi 1871 katika mji wa Florence, jimbo la Alabama, upande wa kusini wa Marekani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka sita tu kabla yake. Baba yake alikuwa mwendesha magari ya kukokotwa na farasi, na mama yake alifua nguo za watu ili kuongeza riziki ya nyumba.

Siku hizo Weusi wa kusini walikuwa wamepata haki ya kupiga kura, na wengine walikuwa wamechaguliwa hata kwenda katika Bunge la Taifa huko Washington. Lakini Wazungu wengi wa kusini hawakukubali mabadiliko hayo, na makundi ya watu yalikuwa yakiwakamata Weusi usiku na kuwaua bila ya hukumu ya mahakama. Mmoja wa marafiki wa baba yake De Priest alikuwa James Rapier, aliyekuwa Mjumbe wa Bunge. Ilibidi mzee De Priest amwokoe rafiki yake huyo mikononi mwa kundi la wauaji. Na mtu mwingine aliuawa mlangoni pa nyumba ya akina De Priest wenyewe.

Basi mwaka wa 1878 wazee hao walifunga mizigo yao, wakahamia Salina katika jimbo la Kansas, mahali ambapo Weusi wengi wa kusini walikuwa wakienda kutafuta amani na ardhi. Huko Oscar alisoma shule na kujifunza kazi ya kutunza hesabu za biashara. Alipokuwa kijana wa miaka 17 aliondoka nyumbani, na mwaka wa 1889 akafika Chicago. Alifanya kazi ya kupaka rangi, kupiga lipu na kupamba nyumba, hata akawa mwenye shughuli yake mwenyewe. Mwaka wa 1898 alimwoa Bibi Jessie Williams.

Kura Mbili Zilizokuwa na Thamani

Ili kufahamu jinsi fundi huyo alivyoingia katika siasa, yafaa kueleza kwanza namna vyama vya siasa vilivyofanya kazi katika miji ya Marekani wakati ule.

Kila kata iligawanywa katika vitongoji vidogo vya kupigia kura, na katika kila kitongoji chama kilikuwa na kiongozi wake. Kiongozi huyo alijua kila nyumba na kila mpigaji kura. Alijua ni nani aliyefiwa, ni nani asiye na makaa ya kuwasha moto wakati wa baridi kali, na mtoto wa nani amekamatwa na polisi. Aliwasaidia watu hao kwa kadiri ya uwezo wake, na siku ya uchaguzi aliwakumbusha. Viongozi wa vitongoji walimtii mkuu wa kata, na wakuu wa kata walikutana kuamua nani atagombea cheo gani. Aliyeleta kura nyingi alipewa kazi nyingi za kuwagawia watu wake. Utaratibu huu uliwasaidia maskini wengi ambao serikali haikuwajali, lakini pia ulifungua njia pana kwa rushwa.

De Priest mwenyewe alisimulia jinsi alivyoanza. Jioni moja rafiki yake alimpitia akamwomba wafuatane kwenda mkutanoni. Kwa kuwa hakuwa na shughuli alikwenda, akakuta watu wanamchagua kiongozi wa kitongoji. Wagombea walikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa na kura 20. De Priest akaona mara moja kwamba kura yake na ya mwenzake zilikuwa na thamani kubwa. Akamwendea mgombea mmoja akamwambia kwamba atampa kura mbili za kumshindisha, iwapo naye atamfanya katibu. Mtu yule akakataa. Akamwendea yule wa pili na maneno yale yale, naye akakubali. Hivyo De Priest akawa katibu, na tangu siku hiyo hakuiacha siasa. Alisema kwamba hakucheza karata wala kamari, na kwamba mashindano ya siasa ndiyo yaliyokuwa starehe yake.

Mwaka wa 1904 chama cha Republican, ambacho ndicho chama cha Abraham Lincoln aliyetangaza uhuru wa watumwa, kilimsimamisha agombee kiti katika Halmashauri ya Wilaya ya Cook, wilaya ambayo Chicago imo ndani yake. Alishinda, akachaguliwa tena mwaka wa 1906. Katika kazi hiyo aliwafundisha maskini wa mji ni msaada gani wanaostahili kupewa na halmashauri na namna ya kuuomba. Kisha aligombana na wakuu wa chama, akakosa kusimamishwa mwaka wa 1908. Akarudi katika biashara, safari hii ya kukodisha na kununua majumba, na humo akatajirika.

Wahamiaji na Wanawake

Mambo mawili makubwa yalimrudisha De Priest katika siasa. La kwanza ni wingi wa watu. Mwaka wa 1910 Weusi wa Chicago walikuwa 44,103. Vita Kuu ilipoanza Ulaya mwaka wa 1914, wahamiaji kutoka Ulaya wakapungua sana, na viwanda vya nyama na vya chuma vikahitaji wafanyakazi. Kule kusini mishahara ilikuwa midogo, wadudu waliharibu pamba, na kuuawa bila ya hukumu hakukukoma. Gazeti la Weusi lililoitwa Chicago Defender, ambalo watumishi wa magari ya moshi walilichukua hadi vijiji vya mbali, liliwaambia watu waje kaskazini. Wakaja kwa maelfu. Mwaka wa 1920 hesabu yao Chicago ilikuwa 109,458, na mwaka wa 1930 ilikuwa 233,903.

Watu hao hawakuruhusiwa kukaa popote wapendapo. Walibanwa katika ukanda mwembamba wa upande wa kusini wa mji, na humo walilipa kodi kubwa kwa vyumba vibaya. De Priest alikuwa mmoja wa wafanya biashara waliochukua majumba katika mitaa ambayo Weusi hawakupata kukaa, na kuwapangisha Weusi humo. Wako waliomsifu kwa kuwafungulia njia, na wako waliomlaumu kwa kutajirika kutokana na shida ya ndugu zake. Lakini kubanwa huko kulikuwa na tokeo moja ambalo waliowabana hawakulifikiria: watu waliokaa mahali pamoja walipiga kura mahali pamoja. Haba na haba hujaza kibaba, na Kata ya Pili ilianza kujaa.

Jambo la pili ni wanawake. Mwezi wa Juni mwaka wa 1913 sheria ya jimbo la Illinois iliwapa wanawake haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa madiwani. Mwaka ule ule Bibi Ida B. Wells-Barnett, mwandishi hodari aliyepigana miaka mingi na desturi ya kuua watu bila ya hukumu, alianzisha chama cha wanawake Weusi cha kupigania haki ya kura, kilichoitwa Alpha Suffrage Club. Wanachama wake walikwenda nyumba kwa nyumba kuwaandikisha wanawake. Wanaume wengine waliwadhihaki, wakawaambia warudi nyumbani kulea watoto. Hawakurudi.

Mwaka wa 1914 mgombea Mweusi aliyeungwa mkono na wanawake hao, William Cowan, alikaribia kuwashinda wakuu wa chama cha Republican katika kata. Wakuu hao wakashtuka. Wakawaomba Weusi wasisimamishe mtu wa kupingana na chama, wakaahidi kwamba nafasi itakayofuata atapewa Mweusi. Ahadi hiyo ilitimizwa mwaka wa 1915, naye aliyesimamishwa ni De Priest. Kura za wanawake zilikuwa sehemu kubwa ya ushindi wake, naye alikiri hivyo.

Kesi ya Mwaka 1917

Furaha ya ushindi haikudumu. Mwaka wa 1917 De Priest alishtakiwa pamoja na watu wengine, wakiwamo maofisa wa polisi, kwamba alipokea fedha za wenye nyumba za kamari ili polisi wasiwaguse. Hili lilikuwa shtaka zito kwa mtu aliyebeba heshima ya watu wengi.

Alitetewa na Clarence Darrow, mmoja wa mawakili mashuhuri kabisa wa Marekani. Darrow hakusema kwamba fedha hazikutolewa, bali alisema kwamba fedha hizo zilikuwa msaada kwa gharama za uchaguzi. Baraza la wazee wa mahakama likamwona De Priest hana hatia, akaachiliwa. Lakini chama chake kilikuwa kimekwisha kumweka kando, na kiti chake kikachukuliwa na Mweusi mwingine, Louis Anderson. De Priest alijaribu kurudi mwaka wa 1918 na 1919 kwa kutegemea chama chake mwenyewe alichokiita People's Movement, akashindwa mara zote mbili.

Hapo ndipo ilipoonekana tabia yake ya kutokata tamaa. Kwa miaka kadhaa aliijenga tena nguvu yake kitongoji kwa kitongoji, na mwaka wa 1924 akawa mkuu wa chama katika Kata ya Tatu.

Kutoka Kata Hadi Bunge la Taifa

Mwezi wa Aprili mwaka wa 1928 Martin Madden, Mzungu aliyekuwa Mjumbe wa upande ule wa Chicago katika Bunge la Taifa, alifariki ghafula. Wakuu wa kata walikutana kumchagua mtu wa kugombea mahali pake. De Priest, ambaye sasa alikuwa mmoja wao, alidai nafasi hiyo, akaipata, na mwezi wa Novemba akashinda uchaguzi.

Ushindi huu ulivuka mipaka ya mji mmoja. Majimbo ya kusini yalikuwa yamewanyima Weusi kura kwa kutumia kodi ya kura na mitihani ya kusoma. Mjumbe Mweusi wa mwisho, George White wa North Carolina, alitoka Bungeni mwaka wa 1901, akitabiri kwamba siku moja watu wake watarudi. Miaka 28 ilipita. De Priest ndiye aliyerudi, na ndiye Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenda Bunge la Taifa kutoka jimbo la kaskazini.

Mwezi wa Aprili 1929 Wajumbe walikutana kula kiapo. Desturi ilikuwa kuapishwa jimbo baada ya jimbo, na kulikuwa na hofu kwamba Wajumbe wa majimbo yatakayotangulia kuapishwa watasimama kumpinga De Priest atakapoitwa. Spika Nicholas Longworth akawaapisha Wajumbe wote kwa pamoja, na pingamizi likakosa nafasi. Mjumbe mmoja wa kusini alikataa kuwa na ofisi jirani na ya De Priest. Fiorello La Guardia wa New York, ambaye baadaye alikuwa Meya wa mji huo, akasema kwamba yeye angefurahi kuwa jirani yake.

Mwezi wa Juni mwaka ule mke wa Rais Hoover aliwaalika wake wa Wajumbe kunywa chai, na Bibi Jessie De Priest akawa miongoni mwao. Kwa ajili ya kikombe hicho cha chai, mabaraza ya baadhi ya majimbo ya kusini yalipitisha maazimio ya kumlaumu mke wa Rais. Msomaji anaweza kupima mwenyewe jinsi jambo dogo lilivyoweza kuwa kubwa katika nchi ile.

De Priest alikuwa mmoja tu kati ya Wajumbe 435, lakini Weusi wa nchi nzima walimhesabu kuwa Mjumbe wao. Alisafiri kuhutubu, hata kusini, ijapokuwa alitishwa. Mwaka wa 1933, serikali ilipoanzisha kambi za kuwapa vijana kazi ya kupanda miti na kuhifadhi udongo, De Priest alipata kuingiza katika sheria maneno ya kukataza ubaguzi wa kabila, rangi au dini. Kambi zenyewe ziliendelea kutenga Weusi na Wazungu katika sehemu nyingi, lakini maneno yaliandikwa katika sheria ya nchi, na maneno ya namna hiyo yaliingizwa pia katika sheria za miaka ya baadaye.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1934 katibu wake, Morris Lewis, alikwenda na mwanawe kula katika mkahawa wa jengo la Bunge, wakafukuzwa kwa ajili ya rangi yao. De Priest alitaka uchunguzi ufanywe. Alipozuiwa alitafuta sahihi 145 za Wajumbe, ambazo kwa kanuni za Bunge ziliweza kulazimisha shauri lizungumzwe, akazipata zote. Akawauliza wenzake: ikiwa haki ya mtu yaweza kunyimwa chini ya paa la jengo ambalo sheria hutungwa, ni mahali gani pengine atakapoipata? Iliteuliwa halmashauri ya Wajumbe watano. Watatu walikuwa wa chama cha Democratic, ambacho wakati ule kilikuwa na nguvu kusini, na wawili wa chama cha Republican. Watatu wakasema hakuna ubaguzi, wawili wakasema uko. Mkahawa ukabaki kama ulivyokuwa.

Kushindwa Kwake

Kilichomwangusha De Priest hakikuwa kesi wala ubaguzi, bali njaa ya watu wake mwenyewe. Tangu mwaka wa 1929 biashara ilianguka nchi nzima, viwanda vilifungwa, na Weusi walikuwa wa kwanza kufukuzwa kazini. Katika mitaa ya kusini ya Chicago watu walitolewa nyumbani kwa kukosa kodi, vyombo vyao vikitupwa barabarani. Rais Franklin Roosevelt wa chama cha Democratic alileta mipango ya serikali kuu ya kuwapa watu msaada na kazi. De Priest, kwa kushika itikadi ya chama chake, alipinga mipango hiyo mingi, akisema kwamba kusaidia maskini ni kazi ya majimbo na ya watu wenye hisani.

Mtu aliyeanza kwa kuwafundisha maskini kuomba haki zao katika halmashauri ya wilaya, sasa alionekana kuwa mbali nao. Mwezi wa Novemba 1934 walimchagua mahali pake Arthur Mitchell, Mweusi mwenzake, naye mzaliwa wa Alabama, ambaye alikuwa Mweusi wa kwanza wa chama cha Democratic kuingia Bungeni. Wapigaji kura wale wale waliompandisha ndio waliomshusha.

De Priest hakuona haya kurudi alikoanzia. Mwaka wa 1943, akiwa na miaka 72, alichaguliwa tena kuwa diwani wa Chicago, akaketi barazani hadi mwaka wa 1947. Mapema mwaka wa 1951 aligongwa na basi, na tarehe 12 Mei mwaka huo akafariki. Nyumba aliyokaa katika mji huo imehifadhiwa kisheria kuwa kumbukumbu ya taifa.

Kiti Kilichobaki

Kiti cha De Priest katika Bunge la Taifa hakikurudi tena nyuma. Tangu mwaka wa 1929 upande ule wa Chicago umewakilishwa na Weusi wakifuatana mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, Harold Washington, alichaguliwa mwaka wa 1983 kuwa Meya wa kwanza Mweusi wa Chicago. Mwaka wa 2000 kijana mmoja, Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo katika Siaya, nchini Kenya, alikitafuta kiti hicho hicho katika uchaguzi wa ndani wa chama, akashindwa. Mwaka wa 2009 akawa Rais wa Marekani.

Oscar De Priest hakuwa mtakatifu, wala hakujidai kuwa hivyo. Alijua kupatana, alijua kuhesabu, na wakati mwingine alihesabu faida yake mwenyewe kwanza. Lakini wanawake waliobisha hodi mlango kwa mlango katika Kata ya Pili hawakuwa wakitafuta mtu asiye na doa. Walitaka mtu wao aketi mahali ambapo mambo ya mji wao yaliamuliwa, na kwamba akikosea wawe na uwezo wa kumwondoa na kumweka mwingine. Mambo hayo mawili waliyapata yote.